UCHAMBUZI: Feni ya simu si tiba ya kila joto Meru na Embu

KIFAA kidogo kinachobanwa mgongoni mwa simu ya rununu ili kuipunguzia joto kimejipatia nafasi kando ya chaja, kava na vipokea sauti katika biashara ya vifaa vya simu humu nchini. Wauzaji wengi hukiita feni ya simu. Walengwa wake wakuu ni vijana wanaocheza michezo mizito ya video kama vile PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile na Free Fire, ambayo huichemsha simu mkononi katika muda mfupi.

Kijana wa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago hahitaji tena kufunga safari hadi Nairobi ili kukipata. Maduka ya mtandaoni kama Jumia humfikishia bidhaa mashinani, naye hulipia kwa simu iyo hiyo anayotaka kuipoza.

Swali linalostahili kuulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni ni hili: je, kifaa hicho kinatimiza kinachoahidiwa, na ni nani hasa anayekihitaji?

Swali hilo si la mzaha. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, simu imegeuka kuwa benki, duka, ofisi na darasa la mwananchi wa kawaida. Mfanyabiashara wa miraa kule Igembe hupokea bei na malipo kupitia kwayo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, au mwenzake wa Chuo Kikuu cha Embu, huomba mkopo wa masomo na kusoma maandishi ya mhadhiri kwenye skrini iyo hiyo anayochezea.

Isitoshe, simu nyingi siku hizi hununuliwa kwa malipo ya polepole. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom ulioanza mwaka 2020, pamoja na mikopo ya kampuni kama M-KOPA, uliwawezesha watu wa kipato cha chini kumiliki simu za kisasa kwa kulipa shilingi chache kila siku. Betri ya simu kama hiyo ikiharibiwa na joto kabla ya deni kwisha, mwenyewe hubaki na mzigo maradufu: kulipia kifaa kisichomfaa na kutafuta fedha za kukitengeneza.

Joto linatoka wapi?

Ili kupima thamani ya kipozaji, ni sharti kwanza ieleweke simu huchemka kwa nini. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa simu, hutumia umeme kukokotoa na kuchora picha. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Mtu anaposoma ujumbe, joto hilo ni dogo na hupotelea hewani bila kuhisika. Anapocheza mchezo wenye picha nzito, prosesa, skrini na kipokezi cha mawasiliano hufanya kazi kwa pamoja, na matumizi huweza kupita wati 5.

Simu haina feni ndani kama tarakilishi. Njia pekee ya joto kutoka ni kupitia ngozi yake, yaani kioo cha mbele na mgongo wa nyuma. Joto linalozalishwa likizidi linaloondoka, simu huanza kujilinda yenyewe: hupunguza kasi ya prosesa, hufifisha mwangaza wa skrini na, hali ikizidi, huzima. Hapo ndipo mchezaji huona picha zikikwama wakati adui amemkaribia, akadhani mtandao ndio mbovu.

Kampuni zinazotengeneza simu za wachezaji zilitambua tatizo hilo mapema. ASUS ya Taiwan ilipotoa simu yake ya kwanza ya ROG mwaka 2018, iliitoa pamoja na feni ya kubandika nyuma. Mwaka 2019, Red Magic 3 ya kampuni ya Nubia kutoka Uchina ikaja na feni ndogo iliyojengwa ndani. Infinix, ambayo ni ya kampuni ya Transsion inayomiliki pia Tecno na itel, imefuata mkondo huo kwa simu za aina ya GT zinazolengwa wachezaji, ikiwemo GT 30 Pro ya mwaka 2025.

Kutoka hapo watengenezaji wengine wasiojulikana sana wakaingia sokoni na vipozaji vinavyodaiwa kufaa simu yoyote. Madai hayo ndiyo yanayohitaji kuchunguzwa.

Aina mbili, kazi mbili

Vipozaji hivi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni feni tupu inayopuliza hewa nyuma ya simu. Hii haiwezi kamwe kuishusha simu chini ya joto la hewa iliyopo. Hufanya kazi ile ile ya mtu anayepuliza uji: huharakisha kuondoka kwa joto, basi.

Aina ya pili ina kibamba cha baridi kinachogusa simu. Msingi wake ni ugunduzi wa Mfaransa Jean Charles Athanase Peltier, ambaye mwaka 1834 alionyesha kwamba mkondo wa umeme ukipitishwa penye kiungo cha metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Kipozaji cha kisasa hutumia vipande vingi vidogo vya kampaundi maalumu vilivyopangwa kati ya vigae viwili. Kigae kimoja huelekea simu na hupoa. Cha pili huelekea nje na hupata joto, kisha feni hulipuliza joto hilo hewani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo matangazo huwa hayalitaji. Kipozaji hakiliangamizi joto, bali hulihamisha. Upande wa nje hulazimika kutupa joto la simu pamoja na joto la umeme uliotumiwa kulihamisha. Feni hiyo ikiziba kwa vumbi au ikikwama huku umeme ukiendelea kupita, joto hukosa pa kwenda na huanza kurudi kwenye simu yenyewe. Dawa hugeuka kuwa ugonjwa.

Wakazi wa Mlima Kenya si wageni wa elimu ya kupoza. Wafanyabiashara wa miraa wamekuwa wakifunga vitita kwa majani ya mgomba tangu jadi ili visikauke safarini, na mtungi wa udongo umepoza maji ya kunywa kwa vizazi vingi. Mbinu zote hizo mbili hutegemea unyevu. Kipozaji cha simu kwa upande wake ni adui wa unyevu, na kwa bahati mbaya hukizalisha kisipokuwa na kidhibiti.

Umande juu ya simu

Hewa yoyote hubeba mvuke wa maji, na mvuke huo hugeuka matone unapogusa kitu baridi vya kutosha. Chukua mfano wa jioni ya msimu wa mvua katika mji wa Meru, hewa ikiwa na nyuzi 22 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 70. Hesabu ya kawaida ya fizikia inaonyesha kwamba umande huanza kutunga juu ya kitu chochote chenye nyuzi 16 hivi au chini yake.

Mtu angedhani kuwa Mbeere, kwenye nyanda kavu za chini kuelekea Mto Tana, hakuna hatari hiyo. Lakini hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 40 hutunga umande katika kiwango kisichotofautiana sana, yaani takriban nyuzi 17. Tofauti ni kwamba kule Mbeere kibamba hushindana na joto kali zaidi, hivyo si rahisi kishuke kiasi hicho simu ikiwa inafanya kazi nzito.

Kipozaji chenye nguvu kinachoachwa kikiwaka wakati simu imepumzika kinaweza kushuka chini ya kiwango hicho kwa urahisi. Matone hutunga kwenye kibamba na mgongoni mwa simu, na huweza kupenya penye tundu la chaja, spika na vitufe. Simu za bei ghali hupewa kinga dhidi ya maji. Nyingi za bei nafuu hazina kinga ya kutegemewa, na aghalabu uharibifu wa maji haumo katika dhamana ya muuzaji.

Kwa sababu iyo hiyo, wanaoingiza simu yenye moto kwenye jokofu ili ipoe wanacheza na hatari kubwa zaidi. Baridi ya ghafla huweza kukusanya maji ndani ya kifaa, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Mgongo wa plastiki

Kasoro ya pili inahusu simu zenyewe. Vipozaji vya aina hii vilibuniwa kwa ajili ya simu ghali ambazo ndani yake zina mabamba ya kusambaza joto kutoka kwenye prosesa hadi mgongo mzima. Kibamba cha baridi kikigusa mgongo huo, hulifikia joto lenyewe.

Simu nyingi za bei ya chini zina mgongo wa plastiki. Plastiki ni kizuizi cha joto, ndiyo maana hutumiwa kutengenezea mishikio ya sufuria. Kibamba kinaweza kuwa baridi kama barafu, kidole kikahisi mgongo umepoa, ilhali prosesa ndani ingali inatokota. Simu ikivishwa kava nene ya mpira na kipozaji kubanwa juu yake, manufaa huwa madogo zaidi.

Vilevile kuna suala la mahali pa kubana. Katika simu nyingi, ubao wenye prosesa huwa sehemu ya juu karibu na kamera, huku betri ikijaza sehemu ya katikati. Kibanio nacho hushika vyema katikati. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi mara nyingi hupoza betri, si prosesa. Hilo lina faida yake kwa uhai wa betri, lakini haliwezi kuondoa kukwama kwa picha alikolalamikia.

Hata mwinuko wa ardhi una mchango wake. Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali kama hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 14 hivi, kwa hivyo feni ile ile hubeba joto kidogo zaidi ya ambavyo ingebeba pwani. Hata hivyo, ubaridi wa Meru hufidia upungufu huo na kuupita. Simu inayochezewa Kianjokoma au Timau jioni imekwisha kupewa na mazingira kile ambacho mnunuzi wa kipozaji anakitafuta.

Gharama ya umeme

Wapo wanaohofia kwamba kipozaji kitawaongezea bili ya umeme. Hofu hiyo haina uzito. Kipozaji cha wati 10 kikitumiwa saa tatu kila siku kwa mwezi mzima hutumia uniti moja hivi ya umeme wa Kenya Power.

Tatizo liko kwa yule asiye na umeme wa nyumbani au anayechezea nje. Vipozaji vingine huchomekwa kwenye simu yenyewe. Betri ya kawaida ya simu yenye uwezo wa 5,000mAh huhifadhi nishati ya wati-saa 19 hivi. Kipozaji cha wati 10 pekee kingeimaliza kwa muda usiofika saa mbili, kabla simu yenyewe haijatumia chochote. Kwa familia inayotegemea paneli ndogo ya sola kuwasha taa na kuchaji simu, hiyo ni anasa inayoweza kuwaacha watoto gizani.

Betri ndiyo roho

Pamoja na kasoro hizo, haingekuwa haki kukitupilia mbali kifaa hiki kana kwamba ni ulaghai mtupu. Joto ni adui halisi wa betri za lithiamu. Kampuni za Apple na Samsung hushauri simu zao zitumiwe mahali penye nyuzi kati ya 0 na 35. Betri iliyojazwa chaji kikamilifu na kuhifadhiwa katika nyuzi 40 kwa mwaka mmoja hukadiriwa kupoteza takriban theluthi moja ya uwezo wake, na uwezo huo haurudi.

Dunia ilishuhudia mwaka 2016 jinsi betri yenye hitilafu inavyoweza kuwa hatari, pale Samsung ilipolazimika kuirejesha kiwandani na hatimaye kuiondoa kabisa sokoni simu ya Galaxy Note 7 baada ya baadhi yake kushika moto. Uchunguzi uliotangazwa mwaka uliofuata ulionyesha kuwa kosa lilikuwa katika betri. Hapana kipozaji cha nje ambacho kingeliponya kosa hilo.

Hilo ni funzo muhimu kwa wenye simu kuukuu. Simu inayochemka bila kuchezewa, inayofura mgongo au inayoisha chaji ghafla haihitaji feni. Inahitaji fundi na betri mpya iliyo halali. Dalili ya mvua ni mawingu, na anayeyafukuza mawingu kwa feni atanyeshewa vivyo hivyo.

Anayesahaulika katika mjadala huu ni mhudumu wa bodaboda. Simu yake hufungwa kwenye usukani, skrini ikiwa imewaka kwa mwangaza wa juu, ikitafuta njia na kusubiri wateja chini ya jua la mchana la Kiritiri au Ishiara. Joto analokabiliana nalo huzidi la mchezaji aliyeketi kivulini, na linatokana na jua zaidi kuliko prosesa. Kwake yeye kikofia cha kuikinga simu na jua kina thamani kuliko kipozaji chochote, na kuisoma mara moja kisha kuitia mfukoni kuna thamani kuliko vyote viwili.

Kwenye mabonde ya milima ya Nyambene na kwingine ambako mawimbi ya mtandao ni hafifu, simu hulazimika kutumia nguvu nyingi kuufikia mlingoti. Joto la namna hiyo hupungua kwa kusogea mahali penye mtandao mzuri au kutumia Wi-Fi.

Hatua zisizo na gharama

Kuna hatua kadhaa ambazo mchezaji anaweza kuchukua bila kutumia hata senti. Kubwa kuliko zote ni kutochaji simu huku akicheza, kwa kuwa kuchaji kwa kasi huongeza joto lake juu ya lile la mchezo. Ya pili ni kuivua kava. Ya tatu ni kupunguza ubora wa picha na idadi ya picha kwa sekunde kwenye mipangilio ya mchezo, jambo ambalo huipunguzia prosesa kazi moja kwa moja. Kupunguza mwangaza wa skrini, kufunga programu zisizotumika na kuipa simu mapumziko kila baada ya nusu saa hukamilisha orodha hiyo.

Anayebaki na tatizo baada ya hayo yote, hususan mwenye simu yenye nguvu, mgongo wa kioo au metali, na anayeshiriki mashindano, anaweza kunufaika na kipozaji. Achague chenye kidhibiti cha joto, akibane karibu na prosesa, akizime mchezo unapokwisha, na akitie umeme kutoka kwenye chaja yake, si kwenye simu.

Sheria ipo, mlinzi yuko wapi?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo ya kumwezesha kuzitumia, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ilitungwa kuitilia nguvu haki hiyo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi zina wajibu wa kuhakikisha kwamba haki hiyo haibaki karatasini.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza kuchukua hatua kali. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya wakati huo, CCK, iliagiza simu bandia zizimwe kote nchini. Mbinu iliyotumika ilikuwa nambari ya utambulisho ambayo kila simu halali hubeba. Kipozaji, chaja na betri havina nambari kama hiyo. Havijiungi na mtandao wowote, kwa hivyo hakuna swichi ya kuvizimia. Mahali pa kuvikagua ni bandarini, ghalani na dukani tu.

Hilo ndilo pengo linalofaa kuzibwa. Kifaa kinachopitisha umeme na kubanwa juu ya betri ya lithiamu kinapaswa kuuzwa kikiwa na jina la mtengenezaji, kiasi cha umeme kinachotumia na onyo kuhusu umande, katika lugha ambayo mnunuzi anaielewa. Serikali za kaunti za Meru na Embu, ambazo hutoa leseni za biashara, zina nafasi ya kuwakumbusha wauzaji wajibu huo bila kuwahangaisha.

Aidha, vifaa hivi vitageuka takataka siku moja. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliweka msingi wa mtengenezaji na mwagizaji kuwajibikia bidhaa zao hata baada ya kuharibika. Utekelezaji wake mashinani ndio utakaoamua iwapo betri zilizofura na feni zilizokufa zitaishia kwenye vituo vya kukusanyia taka za kielektroniki au kwenye mito inayoteremka kutoka mlimani hadi Tana.

Kwa sasa mnunuzi ndiye mlinzi wake mwenyewe. Aulize simu yake ina mgongo wa aina gani, prosesa iko wapi na joto linatokana na nini. Majibu yakionyesha kwamba kipozaji kinamfaa, akinunue. Yakionyesha kwamba tatizo ni betri iliyochoka, fedha hizo zitamfaa zaidi mikononi mwa fundi.